Mama aliuita mvinje

Mara ya kwanza kumpeleka Mama Torrey Pines, hapa San Diego, alishuka kwenye gari, akautazama mti mmoja uliopindishwa na upepo, akasema, "Kumbe na huku kuna mivinje!" Nikacheka. Mvinje ni mti wa kwetu Pwani. Huu ni msonobari. Lakini hakukosea sana. Yote miwili inaonekana kama ina majani ya sindano, na yote inapenda kukaa karibu na bahari.

Tofauti ni kwamba mivinje iko tele. Msonobari huu huota wenyewe sehemu mbili tu duniani: kwenye miamba hii ya San Diego, na katika kisiwa cha Santa Rosa, karibu kilomita 280 kutoka hapa. Basi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linauhesabu kati ya miti iliyo hatarini kabisa kutoweka.

Sasa unaishije mahali pakavu hivi? Majani yake marefu, matano matano kila kishada, hunasa ukungu wa bahari, kisha maji yanadondoka chini kwenye mizizi.

Ukame ukizidi, hapo ndipo balaa. Mti wenye afya ukitobolewa na mbawakawa wa magome, hutoa utomvu na kuwasukuma nje. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wadudu hao waliua mamia ya miti hapa, ikabidi watunzaji waweke mitego yenye harufu ya kuwavuta.

Halafu kuna hili: utafiti wa 1983 ulionyesha kuwa ndani ya kila kundi, miti hii inafanana kijenetiki karibu kabisa. Manake ugonjwa ukiuweza mmoja, unaweza kuimaliza yote.

Utasema, si ipandwe kwingine? Ishapandwa, hadi New Zealand, na penye maji inanyooka na kurefuka. Lakini msitu wenyewe, wa upepo na ukungu, uko huku tu.

Kwa hiyo ukienda, usitoke njiani, na usichukue koni, yale matunda magumu ya mbegu. Huchukua karibu miaka mitatu kukomaa, na mbegu zake ni nzito, haziruki mbali.

Mama alikuwa keshatia moja mkobani. Nilipomweleza, aliirudisha palepale chini ya mti. "Haya," akaiambia, "kaa na mama yako."