Mchanga Uliosimama Wima

Upapase mwamba wa Bastei kwa kiganja, kisha ukitazame kiganja chako. Utakuta chembe za mchanga, za rangi ya unga wa mtama, zimenasa kwenye mistari ya mkono. Mimi nimekulia Mwanza, ambako watoto huteleza juu ya majabali kutwa nzima na jabali halitoi kitu ila joto la jua. Jiwe letu mashuhuri kuliko yote, lile linalochomoza ziwani, bado linaitwa kwa jina la Bismarck, chansela wa Ujerumani, nami tangu utotoni nilitaka kujua Wajerumani wana mawe gani kwao. Sasa nimesimama mbele ya mwamba mrefu kama ghorofa kumi, nao unaniachia vumbi mkononi. Niliurudisha mkono haraka, kama mtu aliyeshika cha wenyewe bila kuomba.

Bastei iko katika eneo liitwalo Sächsische Schweiz, yaani Uswisi ya Saksonia, kusini-mashariki mwa jiji la Dresden, jirani na mpaka wa Jamhuri ya Cheki. Uswisi yenyewe iko mbali sana na hapa. Inasimuliwa kwamba jina lilitokana na wachoraji wawili Waswisi, Adrian Zingg na Anton Graff, waliokuja kufundisha Dresden mwaka 1766, wakatembea huku siku za mapumziko na kukumbuka kwao.

Kufika ni rahisi. Unapanda treni ya kawaida, ile ya wafanyakazi na wanafunzi, nayo inaambaa na mto Elbe hadi kijiji cha Rathen. Stesheni iko ukingo huu, miamba iko ng'ambo, na katikati kuna kivuko ambacho ningeweza kukitazama siku nzima. Hakina injini ya kukivusha. Kimefungwa kwenye waya mrefu uliotiwa nanga mtoni, upande maji yanakotoka. Nahodha akikigeuza kidogo, mkondo unakisukuma ubavuni na chombo kinavuka taratibu, bila kelele yoyote ila maji yanayonong'ona chini yake. Akitaka kurudi, anakigeuza upande wa pili. Sisi tuliozoea ngurumo za pantoni tunashuka tukiwa bado tunazungumza kwa sauti ya chini.

Kutoka kijijini ni ngazi na njia ya msituni, mwendo wa nusu saa na ushei kwa asiye na haraka. Na haraka ya nini? Kila baada ya hatua mia unakuta jambo la kutazama. Miaka kama milioni 100 iliyopita hapa palikuwa bahari. Mito ilibeba mchanga kutoka nchi kavu ikaulaza chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa mamia ya mita. Bahari ikaondoka, ardhi ikainuka na kupasuka kwa nyufa zilizonyooka, nyingine zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Elbe na vijito vyake vikaingia kwenye nyufa hizo na kuanza kuchukua mchanga. Minara unayoiona leo, mamia kwa mamia, ndicho kilichobaki baada ya maji kuchukua chake.

Sogea karibu uone kazi hiyo ikiendelea. Mahali pengi uso wa mwamba umetoboka vitundu vidogo vilivyopangana, sawasawa na sega la nyuki lililokamuliwa asali. Ni chumvi. Maji ya mvua yanapenya ndani ya jiwe, yanatoka yakiwa na chumvi, yanakauka usoni, na chumvi ikiganda inasukuma chembe ya mchanga hadi inang'oka. Nilipuliza katika kitundu kimoja. Ukatoka mchanga mkavu, laini, kiasi cha kujaza ukucha.

Juu kabisa, ambako miamba inafika mita 194 kutoka usawa wa mto, kuna daraja lenye matao saba, refu mita 76 na nusu, lililojengwa mwaka 1851 kwa jiwe hilo hilo la mchanga. Kabla yake palikuwa na daraja la mbao. Mwaka 1853 mpiga picha Hermann Krone alilipiga picha, enzi ambazo kamera ilikuwa mzigo wa kubebwa mgongoni, na tangu hapo hakuna aliyefika bila kulipiga. Chini Elbe inapinda mpindo mpana, na kwa mbali inaonekana Lilienstein, mlima uliokatwa juu kama meza. Ukibahatika, meli ya zamani ya mvuke inapita ikizungusha magurudumu yake ubavuni.

Lakini macho yangu yalirudi kwenye kile nilichosimama juu yake. Kwa miaka mingi wageni walikwenda hadi ncha ya mwamba wenyewe, wakaegemea ukingo wa chuma na kutazama mto. Mwamba ule ukachoka. Ukaanza kumomonyoka, sehemu ya mbele ikafungwa, na mwaka 2023 ikafunguliwa roshani mpya iliyoshikiliwa kwa nyuma, inayoning'inia juu ya ncha ya mwamba bila kuilemea. Ukipita hapo leo humkanyagi mzee huyo.

Usiishie darajani, kama wengi wanavyofanya. Shuka kwenye makorongo. Kwetu tunajua kwamba ukipanda mlima baridi inaongezeka. Muulize yeyote aliyebeba mizigo Kilimanjaro. Huku mambo yamepinduka. Chini ya korongo, ambako jua halifiki, hewa ni ya pango, kuvumwani na madimbwi yanakaa hadi kiangazi, na inaota mimea ya nchi za baridi. Juu ya minara kuna jua, ukavu na misonobari mifupi iliyojipinda, mizizi yake imeshika ufa ambao hata kisu hakiingii.

Mchoro wa Caspar David Friedrich wa mwaka 1818 hivi, wa mwanamume aliyetupa kisogo juu ya jabali akitazama bahari ya ukungu, ulizaliwa huku. Friedrich aliishi Dresden, alitembea na daftari lake la michoro, kisha nyumbani akaunganisha jabali la hapa na kilele cha pale. Jabali la chini liko kwenye kilima kiitwacho Kaiserkrone. Ukienda kuitafuta picha nzima mahali pamoja hutaipata, na hilo halikunipunguzia kitu. Ukungu ni wa kweli. Nenda alfajiri ya vuli, usimame kwenye vilele vya Schrammsteine baada ya kupanda ngazi za chuma, utauona umejaza bonde lote na vichwa vya miamba vimechomoza kama visiwa.

Waliouelewa mwamba huu vizuri kuliko sote, kwa maoni yangu, ni wapandaji wake. Mwaka 1864 vijana wa chama cha mazoezi ya viungo cha mji wa Bad Schandau walipanda mnara wa Falkenstein, na tangu siku hizo ukazaliwa utamaduni wenye sheria zake. Mwaka 1913 mpandaji Rudolf Fehrmann alizitoa kwa maandishi, na misingi yake inafuatwa hadi sasa. Usijivute kwa kitu cha kutengenezwa. Panda kwa mikono na miguu yako. Usipake mikono poda nyeupe, kwa sababu inauziba na kuuchafua mwamba. Usichomeke vyuma kwenye nyufa. Mpandaji anabeba kamba fupi zenye mafundo, anasokomeza fundo kwenye ufa, na fundo hilo ndilo linaloshika uhai wake, pamoja na pete chache za chuma alizoacha aliyetangulia. Kileleni anakuta kisanduku chenye kitabu, anaandika jina na tarehe, anashuka.

Fehrmann huyo huyo, pamoja na Mmarekani Oliver Perry-Smith, mwaka 1905 walikuwa wa kwanza kuipanda Barbarine, nguzo nyembamba ya karibu mita 43 ubavuni mwa mlima wa Pfaffenstein. Wenyeji husimulia kwamba ni binti aliyetumwa kanisani siku ya Jumapili akaenda kuchuma matunda ya porini, mama yake akamlaani akageuka jiwe. Mwaka 1975 kuipanda kukapigwa marufuku, kichwa chake kilikuwa kinapukutika. Wapandaji wanasimama chini, wanamtazama, wanaondoka.

Sehemu ya eneo hili ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa Septemba 1990, wiki chache kabla Ujerumani mbili hazijaungana. Mwezi Julai 2022 moto ulioanzia upande wa Cheki uliingia ukaunguza msitu kwa majuma kadhaa. Magogo meusi bado yamesimama, na katikati yake miche imeshanizidi kiuno. Miamba haikuungua, ila imebaki uchi.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Jumapili, na usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa wa mvua. Asubuhi jua likatoka, majani yakang'aa, nikakutana na mwanamume na mwanamke wa makamo chini ya mnara mmoja, kamba begani, mafundo yananing'inia kiunoni. Mwanamke aliweka kiganja juu ya mwamba akakiacha pale, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha akamwonyesha mwenzake. Mchanga uliolowa. Jiwe hili likilowa hupoteza nguvu, na mshiko unaweza kuvunjika mkononi. Hawakusema kitu. Walikunja kamba, wakatusalimu tuliokuwa njiani, wakarudi kijijini kunywa kahawa. Mnara ulibaki peke yake, ukitona maji.