Taa ya Oili Ikipepesa, Pima Kabla ya Kufungua

Taa nyekundu yenye alama ya kibirika kinachodondosha tone huwafanya madereva wengi wafungue boneti, waongeze nusu lita ya oili na kuendelea na safari. Taa ikizimika wanaridhika. Lakini katika magari ya zamani taa hiyo haina habari na kiasi cha oili kilichomo. Inatangaza jambo moja tu: presha ya oili imeshuka chini ya kiwango ambacho injini inaweza kukivumilia. Ikiwaka moja kwa moja, kila mtu anashtuka na kuzima gari. Ikipepesa, inazoeleka, na dereva akiulizwa anajibu kwamba ndivyo gari lake lilivyo. Injini nyingi ambazo zingeokolewa kwa kazi ya mchana mmoja hupotea katika kipindi hicho cha mazoea.

Tuchukue gari ambalo kila mtu analijua. Toyota Corolla 110 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1995 ikakoma mwaka 2000, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshavuka miaka 20. Nyingi zilizotufikia zina injini ya 5A-FE yenye cc 1,498, na bado zinabeba abiria na familia Dar es Salaam, Arusha na Mombasa. Injini hiyo ikishapata moto, presha ya oili haitakiwi kushuka chini ya kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 4 na kidogo, gari likiwa sailensi (limewashwa bila kukanyagwa mafuta). Mizunguko ikifika 3,000 kwa dakika, presha inatakiwa iwe kati ya kilo 2.5 na 5. Swichi ya taa hubadili hali karibu na kile kiwango cha chini kabisa. Maana yake gari linaweza kukimbia barabarani na nusu ya presha inayostahili, na taa isiseme kitu. Inapoanza kupepesa, muda wa tahadhari umeshapita.

Ili kuelewa kinachotokea, ni lazima kwanza tuache kuamini kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Pampu inasukuma oili tu. Presha inapatikana kwa sababu oili inabanwa inapopita kwenye upenyo mwembamba kati ya krenkishafti na beringi zake, kama maji yanavyochachamaa ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Upenyo huo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na hesabu yake ni kali: ukipanuka mara mbili, oili inayoponyoka inaongezeka mara nane. Joto nalo lina sehemu yake. Oili ya 15W-40 iliyofika nyuzi 100 huwa nyepesi takriban mara saba kuliko ilivyokuwa kwenye nyuzi 40. Na gari likiwa sailensi, pampu inazunguka polepole. Beringi zilizolika, oili yenye moto na pampu ya mwendo mdogo vikikutana, taa inapepesa. Foleni ya Ubungo saa nane mchana huvikutanisha vyote.

Ndiyo maana swali la kwanza la fundi makini ni: inapepesa wakati gani? Dereva anayeweza kulijibu vizuri ameshafanya nusu ya kazi. Ikipepesa unapozunguka kipilefti, unapofunga breki ghafla au unapopanda mlima Kitonga, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli lake chini ya injini, na mdomo wa pampu unavuta hewa. Hapo chomoa kijiti cha oili kwanza, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Ikipepesa sekunde chache asubuhi kisha ikatulia, mara nyingi filta iliyofungwa haina ule ulimi wa mpira unaozuia oili kurudi chini usiku, au ulimi wenyewe umekakamaa. Ikipepesa sailensi baada ya injini kupata moto, na kuzimika ukikanyaga mafuta kidogo, wa kushukiwa ni beringi, pampu au oili iliyokuwa nyepesi mno. Ikiwaka kwenye mwendo mkubwa na kuzimika ukipunguza, hali ni mbaya zaidi: huenda chujio la ndani ya sampu limeziba na pampu inadai oili nyingi kuliko inayopita. Na ikipepesa kila gari linapoingia shimoni, injini iwe ya baridi au ya moto, angalia waya.

Waya ni rahisi kuukagua. Umeme unatoka kwenye ufunguo, unapita kwenye balbu, kisha unashuka kwa waya mmoja hadi kwenye swichi iliyofungwa kwenye bloku. Presha isipokuwepo, swichi inaunganisha waya huo na bodi, na taa inawaka. Chomoa waya huku ufunguo umewashwa: taa lazima izimike. Gusisha waya kwenye chuma cha injini: lazima iwake. Ikiendelea kuwaka waya ukiwa umechomolewa, basi umechunika mahali fulani na unagusa bodi. Swichi nayo huchoka, na ikishavujisha oili hadi kwenye soketi ya waya haifai tena.

Kwa kuwa swichi ni kipuri cha bei ndogo, gereji nyingi huanza kwa kuibadilisha. Sikubaliani na utaratibu huo. Swichi mpya ikifungwa na taa ikatulia, hakuna anayejua kama ile ya zamani ilikuwa mbovu, au hii mpya inavumilia presha ya chini zaidi kabla ya kuwasha taa. Mwenye gari anaondoka na amani ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Dawa ya mashaka haya ni geji ya mkono. Swichi inafunguliwa, geji inafungwa kwenye tundu lilelile, gari linawashwa hadi feni ya rejeta izunguke, halafu presha inasomwa mara mbili: sailensi, na kwenye mizunguko 3,000. Fundi awe mwangalifu na thredi. Tundu la Toyota ni la moja ya nane ya inchi, lenye thredi 28 kwa inchi. Viungio vya Kimarekani vya ukubwa huohuo vina 27, na ukivilazimisha utaharibu tundu la bloku. Kazi yote haichukui hata saa moja. Presha ikiwa nzuri mara zote mbili, tatizo ni swichi au waya, na sasa unaweza kununua swichi kwa haki. Ikiwa chini sailensi na nzuri kwenye 3,000, injini imeanza kulika au oili haifai. Ikiwa chini kote, zima gari na usiliendeshe tena hadi sababu ijulikane.

Hata hapo bado si wakati wa kushusha injini. Mwaga oili uinuse: ikinuka petroli, injini inachoma vibaya na petroli inaiyeyusha oili. Ikiwa imegeuka nyeupe yenye povu, maji yameingia. Kata filta ya zamani kwa msumeno, kunjua karatasi yake juani na uitazame kwa utulivu. Chembe zinazong'aa, za kijivu au za rangi ya shaba, ni beringi zenyewe zinazotoka kidogo kidogo. Filta ile hutupwa kila mara gari linapofanyiwa sevisi, ilhali ina ushahidi ambao hakuna mteja anayeonyeshwa.

Kisha shusha sampu. Utakachokikuta kwenye chujio mara nyingi kililetwa na mkono wa binadamu: vipande vya silikoni. Fundi anayefunga sampu kwa kumimina silikoni nene, akitumaini kwamba wingi utazuia uvujaji, haoni ile inayobanwa kuingia ndani sampu inapokazwa. Inakauka, inakatika, inaogelea kwenye oili na kuishia kwenye chujio. Mshipi mwembamba wa silikoni kwenye chuma kilichosafishwa unatosha kabisa. Injini nzima inaweza kufa kwa kitu ambacho kingeondolewa kwa koleo dogo, na jambo hili linaniuma kwa sababu kulizuia hakugharimu chochote.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, vilevile: weka oili nzito zaidi. Vitabu vingi vya magari ya miaka hiyo vinaruhusu 20W-50 kwenye nchi za joto, na injini iliyotembea sana inaweza kuihitaji kweli. Lakini kuimimina ili taa inyamaze, kabla ya kupima chochote, ni kuficha ugonjwa. Upenyo wa beringi unabaki uleule, na unaendelea kupanuka. Chujio lililoziba ndiyo kabisa, maana oili nzito inapita hapo kwa shida zaidi, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi, na kemshafti iliyoko juu inachelewa kupata chochote. Kama presha imepimwa, chujio ni safi, na mwenye gari ameamua kwa hiari yake kuisogeza injini mbele hadi apate fedha za kubadilisha beringi, hapo oili nzito ni uamuzi unaoeleweka.

Neno la mwisho ni kwa anayenunua gari la mkono wa pili au wa tatu. Wapo wauzaji wanaochomoa waya wa swichi au kutoa balbu. Kabla ya kupiga stata, washa ufunguo na utazame dashibodi: taa ya oili lazima iwake, kisha izimike sekunde chache baada ya injini kuanza. Isipowaka kabisa, usiendelee na bei hadi ujue kwa nini. Na kama gari ni lako tayari na taa imeanza kupepesa, mwambie fundi akufungie geji leo, usome presha wewe mwenyewe akiwa pembeni, uiandike. Fundi asiyekuwa na geji hiyo bado hajafikia hatua ya kukuambia kwamba injini yako ifunguliwe.