Jiko la Mkaa Lisilale Ndani Likiwaka
Hapa Igogo nyumba zimebanana mlimani kati ya mawe, na kila mtu anaogopa wezi. Usiku tunafunga madirisha, tunatia komeo, na jiko la mkaa tunaliingiza ndani lisiibiwe. Hapo ndipo hatari. Mkaa, hata moshi ukiisha, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hulegea, hata kufa usingizini. Zimeni makaa kwanza nje. Aliyezidiwa mtoeni penye hewa, mpelekeni hospitali upesi; maziwa (jamani, maziwa kila mara!) hayaondoi sumu hiyo. Na ufunguo wa kufuli la ndani utundikwe mbali na dirisha, mahali ambapo hata mtoto ataupapasa gizani moto ukitokea.