Paddy's kwa Keja: Stoney, Ndimu na Mzinga Moja

Machi 17 ni Paddy's, siku ya Mtakatifu Patrick wa ma-Irish, na inakam na form ya club unaijua. Kuna mahali Westie itatundika karatasi za kijani kwa ukuta, imsimamishe msee na wigi ya kijani pale mlangoni, halafu ikutoze entry. Ndani unauziwa bia imemwagiwa rangi ya keki. Kesho yake uko job, ulimi kijani, meno kijani, na uko na meeting saa mbili. Huko ni kuchoma picha, na umelipia. Zii. Mwaka huu mbogi inakutana kwa keja.

Hesabu kwanza, juu hii story ni ya mkwanja. Mzinga wa 750 ml ukipima 50 ml kwa glasi unatoa glasi 15. Tuseme mmeupata na 3K pale wines and spirits ya mtaa. Hiyo ni rwabe kwa glasi. Mkiwa watano, kila mtu anachanga soo sita na anapata glasi tatu safi. Peleka soo sita club uone kama utatoka na kitu inajaza kifuniko.

Wiski ni ya ma-Irish, period. Wengi mtabeba Jameson, na ni fiti. Hiyo jina iko kwa game tangu 1780, ilianzia Bow Street pale Dublin, siku hizi inapikwa Midleton, County Cork. Wanaipitisha kwa mtambo mara tatu, so iko smooth na inakubali mixer bila ngori. Mbuyu wako atakam kuangalia hiyo glasi aseme wiski ikichanganywa ni ya watoto. Huyo ni msee anaimwagia maji moto anaita heshima. Mpee kiti, mpee njugu, songa.

Sasa ile mali yenyewe. Majuu wanaita Irish Mule: wiski, ndimu, na soda kali ya tangawizi. Mabartender wa huko wanatafuta ginger beer ya chupa ndogo, bei kubwa. Sisi tumekua na Stoney Tangawizi kwa kila duka, na hii ndio kazi iliumbiwa. Chukua glasi refu. Barafu mpaka juu, usiweke vipande viwili kama unaomba msamaha. 50 ml ya wiski. Kamua nusu ndimu ya mama mboga na utupe ganda ndani. Stoney baridi, kama 120 ml, iteremshe mos mos kwa ukuta wa glasi ndio gas isihepe. Koroga mara moja. Ukizidisha umeua gas, na mule bila gas ni uji. Kuna wasee watabuy vikombe vya copper juu ya picha. Baridi inatoka kwa barafu, wasee. Hiyo doh nunueni barafu ingine.

Mtu akichoka na Stoney, mchapie dawa. Ile dawa ya Carnivore ni vodka, ndimu, asali na barafu ya kuponda. Toa vodka, weka wiski. Asali ya ukweli, kijiko kimoja kizito, ipondwe pamoja na vipande vya ndimu kabla barafu haijaingia. Ukimwaga asali juu ya barafu itaganda chini na utakunywa ndimu kavu mpaka mwisho.

Saa nne usiku, mvua ya Machi imeanza, hapo ndipo Irish coffee inaingia. Hii ilichapwa na chef anaitwa Joe Sheridan miaka ya 1940, pale Foynes, County Limerick, mahali ndege za kutua majini zilikuwa zinashukisha abiria wamegandishwa na baridi. Kufika 1952, Buena Vista Cafe ya San Francisco ikaidaka, dunia yote ikafuata. Na hapa tuko mbele yao mbali sana, juu kahawa ni yetu. Tafuta ya Nyeri ama Kirinyaga, imesagwa, upike nzito. Ile ya unga ya kukoroga iache kwa ofisi.

Pasha glasi na maji moto kwanza, umwage. Sukari ya brown vijiko viwili, na usinibembelezee diet hapa, juu ni hiyo sukari inabeba krimu ielee. Kahawa moto, 150 ml. Wiski 50. Koroga sukari iishe kabisa. Krimu itie kwa chupa ya jam, funga, tingisha mpaka iwe nzito lakini bado inamwagika. Geuza kijiko mgongo juu ya kahawa, pitisha krimu hapo polepole. Itakaa juu, nyeupe kwa nyeusi, laini. Usikoroge tena. Unakunywa kahawa moto ikipitia krimu baridi, na hapo ndio utajua kwa nini tumeacha club.

Krimu ikibaki, usinunue Baileys. Bei yake ni ya wazito na kazi yake unaweza kuifanya dakika moja. Blender: kopo moja la maziwa ya condensed, kikombe cha krimu, kikombe kasorobo cha wiski, kijiko kidogo cha kahawa, cocoa kidogo, vanila. Washa sekunde kumi hivi, zima. Ukiacha inazunguka utapata siagi. Kwa friji inakaa siku kadhaa, ikinusa vibaya mwaga, usiwe shujaa.

Sasa niskize hapa vizuri. Kuna shot moja ya Marekani, stout na wiski na krimu, imepewa jina la bomu la gari la ma-Irish. Hiyo jina isiingie kwa keja yetu. Agosti 7, 1998, bomu lilipigwa Nairobi na Dar siku moja. Hapa tao pekee watu zaidi ya 200 walienda, na kuna familia mtaani bado hazijapona. Agosti 15, wiki moja na siku moja baadaye, gari lililipuka Omagh, Northern Ireland, likaua watu 29, na mmoja wao alikuwa mathe ana mimba ya mapacha. Sisi na wao tulizika mwezi mmoja. Msee yeyote akiagiza hiyo jina mbele yangu, anaenda kulala.

Rangi ya kijani kama lazima, itoke kwa majani. Minti mafungu mawili, ichovye kwa maji yanachemka sekunde 15, itupe kwa maji ya barafu ndio rangi ishike. Saga na maji ya sukari yaliyopoa, kipimo sawa kwa sawa, halafu chuja. Unapata syrup ya kijani deadly. Vijiko viwili kwa Sprite na ndimu, na dem hanywi ama chali ako na mtihani kesho wanashika glasi kali kuliko yako. Ule wa wigi ya kijani akipitia, hii ndio apewe.

Kitu ya kuruka kabisa ni Tipperary. Ni kokteli ya ukweli, iko kwa kitabu tangu 1916, lakini inataka green Chartreuse, na hiyo chupa kwa hii city ni rent ya bedsitter. Heshimu kutoka mbali.

Kula kwanza, tafadhali. Ma-Irish wana kitu inaitwa colcannon: waru zimepondwa na cabbage ama kale, siagi juu. Buda, hiyo ni mukimo! Shosh amekuwa Mu-Irish miaka yote na bado anasema sherehe za wazungu ni za shetani.

Wazee wa Ayalandi nao walikuwa kazini. 1927 walipitisha sheria pub zote zifungwe Machi 17, ikakaa mpaka mwanzo wa miaka ya 60. Mahali moja tei ilipatikana kihalali Dublin ni kwa maonyesho ya mbwa ya Royal Dublin Society. Jiji nzima ikapenda mbwa ghafla.

Na mtu akikuuliza Paddy's inakuhusu aje, mpeleke Iten. Brother Colm O'Connell alitoka Ayalandi 1976 kufunza St. Patrick's High School, akabaki, akawa coach. David Rudisha ni chali yake. London 2012, mita 800, dakika 1 sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Patrick mwenyewe hata hakuwa wa Ayalandi. Alikuwa kijana wa Uingereza enzi za Warumi, akatekwa akiwa na miaka 16 hivi, akachungishwa mifugo kama mtumwa, akatoroka, halafu akarudi huko huko kwa hiari yake kuhubiri. Hiyo roho naiinulia glasi bila kuulizwa.

Sasa plot. Mzinga tunachanga leo, kabla watu wale salo. Wewe leta Stoney kubwa mbili na ndimu kumi. Blender iko kwa neighbour, nishambonga naye. Barafu niachie mimi. Na mtu amwambie ule msee wigi inabaki kwa gari.