Kitufe kisichotoka kinaweza kukugharimu

Umejaza fomu ya kuagiza keki kwa simu. Kwenye usafiri ukachagua "Nje ya mji, Sh300", halafu ukakumbuka kuna mtu wako atapita dukani kuichukua. Unabonyeza tena kile kiduara kitoke. Wapi! Kimekwama, na jumla bado ina zile Sh300.

Simu yako haina shida. Viduara hivi vilipata jina lake la Kiingereza kutoka redio za zamani za gari: ukibonyeza stesheni moja, kitufe cha nyingine kinaruka juu. Unaweza kubadilisha chaguo, si kuliondoa. Kisanduku cha mraba ni tofauti. Ukikibonyeza tena, alama inatoka.

Kama wewe ndiye unayelipa

Usiweke PIN ukitumaini mtarekebishana baadaye. Fungua fomu upya ujaze tena. Ikiwa ombi la malipo limeshafika kwenye simu na kiasi si sahihi, likatae. Bila PIN yako, malipo hayo hayaendelei.

Kama fomu ni ya biashara yako

1. Ongeza chaguo la "Nitachukua mwenyewe, Sh0". Hii ndiyo njia rahisi kabisa.

2. Kama swali si la lazima, weka kitufe cha "Futa chaguo" chini yake. Wateja wataona wazi kwamba wanaweza kubadilisha nia.

3. Ukitaka kiduara kitoke kikibonyezwa mara ya pili, mweleze fundi wako hivi: mtu akibonyeza, kivinjari huweka alama kwanza, ndipo programu yenu inapata habari. Ikiuliza "Kimechaguliwa?", jibu litakuwa ndiyo kila mara. Kwa hivyo programu ikumbuke chaguo la mwisho. Kilichobonyezwa kikiwa ni kilekile, iondoe alama na ifute kumbukumbu. Kikiwa kingine, ikumbuke hicho kipya.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika: alama ikitoka, jumla nayo lazima ihesabiwe upya. La sivyo kiduara kitaonekana kitupu huku mteja akiombwa zile Sh300.

Kabla ya kuwatumia wateja fomu, ijaribu mwenyewe. Chagua, ondoa, chagua kingine, kisha angalia kiasi kwenye ombi la malipo. Mteja akishindwa kuondoa asichotaka, ataifunga fomu, na oda itaenda naye.