Mchungaji aliyeacha mimbari akafunza mawakili wa haki

VIONGOZI wa Kiafrika wa Kenya walipokwenda London mnamo Januari 1960 kuhudhuria kikao cha katiba katika jumba la Lancaster, walikuwa na mshauri kutoka Marekani, wakili Thurgood Marshall. Alialikwa kwa juhudi za Tom Mboya, naye akaandaa rasimu ya sura ya haki za kimsingi. Jina hilo si geni kwa wasomaji wetu. Ambalo halisikiki sana ni jina la aliyeijenga upya shule iliyomfunza Marshall sheria: Mordecai Wyatt Johnson, mchungaji wa kanisa la Kibaptisti.

Johnson alizaliwa mwaka wa 1890 mjini Paris. Si Paris ya Ufaransa, bali mji mdogo katika jimbo la Tennessee. Baba yake, aliyezaliwa utumwani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda na mhubiri. Kijana huyo alisomea Atlanta, katika chuo cha Kibaptisti kinachojulikana leo kama Morehouse, akahitimu mwaka wa 1911, kisha akaendelea na masomo Chicago na Rochester.

Mwaka wa 1917 alikabidhiwa kanisa la First Baptist mjini Charleston, West Virginia, akalichunga kwa miaka tisa. Hakutosheka na mahubiri ya Jumapili. Alisaidia kuanzisha tawi la NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani Weusi. Mnamo 1922, katika mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, alisimama mbele ya mkutano wa wakuu na kueleza jinsi imani ya watu wake kwa nchi yao ilivyokuwa ikififia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Wakati huo Chuo Kikuu cha Howard, kilichoasisiwa Washington mwaka wa 1867, kilikuwa na misukosuko. Wanafunzi waligoma mwaka wa 1925, na mwaka uliofuata rais wa chuo, Mzungu kama waliomtangulia, akajiuzulu. (Rais wa chuo huko ni sawa na naibu chansela kwetu.) Baraza la wadhamini lilimchagua kwanza askofu John Gregg, akakataa. Ndipo mchungaji wa Charleston alipoitwa, akiwa na umri wa miaka 36. Akawa Mweusi wa kwanza kukabidhiwa wadhifa huo kikamilifu.

Tatizo la kwanza lilikuwa fedha. Bunge la Marekani lilikuwa likikipa chuo ruzuku mwaka baada ya mwaka bila sheria ya kudumu, na mbunge mmoja wa Kusini angeweza kuizuia. Johnson, akisaidiwa na mbunge Louis Cramton wa Michigan, alishawishi hadi sheria ikapitishwa Desemba 1928. Hata hivyo, kupokea fedha hizo hakukumfunga mdomo. Katika miaka ya 1930 wabunge kadhaa walimshutumu kuwa Mkomunisti kutokana na hotuba zake. Aliendelea kuhutubu.

Uamuzi uliozua uhasama zaidi ulihusu Kitivo cha Sheria. Masomo yalitolewa jioni, na wanafunzi wengi walikuwa makarani waliotoka kazini. Jaji Louis Brandeis wa Mahakama ya Juu alimshauri Johnson aanzishe shule kamili ya mchana. Mnamo 1929 Johnson alimkabidhi Charles Hamilton Houston jukumu hilo, na masomo ya jioni yakafungwa. Walalamishi walikuwa na haki yao: karani maskini alikuwa amenyang'anywa ngazi ya pekee aliyokuwa nayo. Lakini kufikia 1931 kitivo kilikuwa kimepata ithibati, na miongoni mwa waliosafiri kwa treni kila siku kutoka Baltimore kwenda darasani alikuwa Marshall. Alihitimu mwaka wa 1933 akiongoza darasa lake. Mwaka wa 1954 alishinda kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma.

Ralph Bunche naye alianzisha idara ya sayansi ya siasa Howard mwaka wa 1928. Huyu ndiye aliyefundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta mjini London, kisha akaja Kenya mwaka wa 1938 kufanya utafiti miongoni mwa Wakikuyu.

Si wote waliompenda Johnson. Baadhi ya wahadhiri walimwona kuwa mbabe asiyesikiliza, na mwanabiolojia mashuhuri Ernest Just alikosana naye vibaya. Pengine mazoea ya mimbari, ambako mchungaji husema na waumini wakaitikia, hayakufaa mabaraza ya wasomi.

Mimbari yenyewe hakuiacha kabisa. Mwaka wa 1950, baada ya safari ya India, alihutubu Philadelphia kuhusu Mahatma Gandhi. Kijana mmoja aliyesomea uchungaji karibu na hapo alitoka akanunua vitabu kadhaa kuhusu Gandhi. Alikuwa Martin Luther King.

Johnson alistaafu mwaka wa 1960, miezi michache baada ya kikao cha Lancaster. Alifariki Septemba 1976, wakati ambapo yule mwanafunzi wa treni ya Baltimore alikuwa katika mwaka wake wa tisa kama jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.