Je, Wajua? Theluji Mbele ya Kamera

Je, wajua kwamba chembe ya theluji si nyeupe? Ni barafu inayopitisha mwanga. Weupe tunaouona ni mwanga uliogonga kuta zake nyingi ndogo ukatawanyika kila upande. Hapo ndipo taabu ya mpiga picha inapoanzia: kitu hakina rangi, upana wake ni milimita chache, na pumzi ya mpiga picha mwenyewe inatosha kukiyeyusha.

Je, wajua kwamba aliyeifanya dunia iijue sura ya chembe hizo alikuwa mkulima na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa? Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 huko Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Alipokuwa na miaka 15 mama yake alimpa hadubini. Alijaribu kuchora alichokiona, lakini barafu ilikwisha kabla ya mchoro. Wazazi wakamnunulia kamera, akaiunganisha na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, akafanikiwa kuipiga picha chembe. Alifanyia kazi bandani, bila moto. Theluji aliikinga kwa ubao mweusi. Chembe iliyompendeza aliinyanyua kwa njiti ya ufagio, akailaza juu ya kioo na kuikandamiza taratibu kwa unyoya wa ndege, muda wote amebana pumzi. Ukiacha kamera na hadubini, vifaa vyote vilitoka uani.

Alikufa Desemba 1931 kwa nimonia, baada ya kurudi nyumbani kwa miguu katika dhoruba ya theluji. Aliacha picha zaidi ya 5,000. Kitabu chake kilikuwa kimetoka mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba weusi unaozizunguka chembe za Bentley haukutoka kwenye kamera? Alichukua nakala ya bamba la picha akakwangua kwa kisu kila kilichoizunguka chembe, ukingo kwa ukingo, ili picha ikisafishwa chembe ijitokeze kwenye giza. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimlaumu kwa kuchezea picha. Kwangu mimi kukwangua si dhambi kubwa. Kubwa ni kuchagua: Bentley alitafuta zilizo nzuri, na kadi za Krismasi zikamfuata. Chembe nyingi zinazoanguka zimevunjika, zimegandamana, au zina mkono mmoja mfupi. Nyota kamili ni bahati.

Je, wajua kwa nini pembe ni sita? Mwaka 1611, akiwa Prague, mwanaastronomia Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima juu ya swali hilo, akampa rafiki yake kama zawadi ya mwaka mpya. Jibu hakulipata. Ilibidi eksirei zije katika karne ya 20 kuonyesha kwamba molekuli za maji zikiganda hujipanga katika pete za sita sita.

Na mikono sita ya chembe inafananaje bila kuambizana? Yote husafiri pamoja ndani ya wingu, ikikutana na baridi ileile na unyevu uleule kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba chembe ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu ilikua juu ya unywele wa sungura? Mjapani Ukichiro Nakaya alikuwa amesomea fizikia, lakini kazi aliipata Chuo Kikuu cha Hokkaido, mjini Sapporo, ambako vifaa vya fani yake havikuwepo. Theluji ilikuwepo tele, tena bure. Alipiga picha za chembe za asili, akazipanga kwa aina, kisha mwaka 1936 akaotesha ya kwake katika chumba cha baridi. Akagundua kwamba umbo hufuata joto na unyevu. Karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri hutokea visahani. Karibu na 5 chini ya sifuri, sindano na nguzo. Karibu na 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa mwingi, zile nyota zenye matawi ambazo kila mpiga picha anazitaka. Ni joto la wingu linalohesabiwa, si la uani kwako.

Je, wajua kwamba zipo chembe zenye mikono 12? Ni mbili zilizoungana katikati, moja imegeuka kidogo. Zipo pia za pembe tatu.

Je, wajua kwamba ule msemo wa kuwa hakuna mbili zinazofanana umekwisha kutiwa doa? Mwaka 1988 mtafiti Nancy Knight wa Marekani alitangaza jozi iliyofanana chini ya hadubini, nguzo mbili sahili. Naye Kenneth Libbrecht, mwanafizikia wa California ambaye picha zake ziliwekwa kwenye stempu za Marekani mwaka 2006, huziotesha maabarani mbilimbili, kandokando, katika hewa ileile. Zinatoka mapacha.